Futi mpya nilizowanunulia mafundi wenzangu wa ushirika, Mtoni

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hii siyo chai. Yalinikuta mwenyewe, na baadhi ya wahusika wamo humu humu jukwaani, nikiongeza chumvi watanisahihisha.

Juzi kuna mkuu alianzisha uzi akasema ushirika ni mambo ya korosho na kahawa huko mikoani, mjini kila mtu apambane na hali yake. Nilianza kumjibu kwa hasira. Nikafuta. Nikaona bora nisimulie tu yaliyotokea kwetu, halafu kila mtu ajipimie mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Nimetokea Singida, naishi Mtoni, Temeke, na kazi yangu ni hapo hapo Mtoni.

Tuko mafundi kumi na mmoja, tumesajiliwa kama ushirika, tuna katiba na tuna muhuri. Muhuri nautunza mimi kwa sababu ndimi katibu. Walinichagua kwa kuwa najua kutumia kompyuta. Sifa nyingine sikuwa nayo, mtaona mbele.

Kwa nini tuliungana? Fundi ukiwa peke yako na cherehani moja barazani, watu wanakuletea suruali ya kupunguza na zipu iliyoharibika. Hakuna shule itakayokupa oda ya sare. Tulipokuwa wengi tukaweza kupata chumba, tukapata mashine ya overlock, ile inayofunga pindo za ndani nyuzi zisichomoke. Tunaitumia kwa zamu. Kukata na kushona kila mtu anafanya kwenye meza yake.

Msidhani tuko kambini. Wenzetu wawili asubuhi wanashonea duka moja la magauni Msasani, mchana wanakuja kwetu. Mwingine anauza maandazi kabla hajakaa kwenye cherehani. Na vitambaa tunachukua kwa Mzee Swaleh, mwenye duka tangu enzi za babu yake, Mwarabu wa hapa hapa Temeke ambaye Kiswahili chake kinatushinda sisi wote wa bara.

Huyu Mzee Swaleh mkumbukeni, kuna mahali ataingia.

Mwanzilishi wetu ni Bi Zuhura. Mama mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa kamba, amekaa kwenye cherehani kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Mkorofi kidogo. Ukimwamkia shikamoo anaitika marahaba huku macho yake yako kwenye mshono wako, na ukiona amekaa kimya ujue kuna kitu amekiona.

Ana sheria moja aliyoipigania mpaka ikaingia kwenye taratibu zetu. Nguo yoyote ya mtoto lazima iachiwe inchi moja ya kitambaa ndani ya mshono, na pindo liwe nene. Mtoto akikua, mzazi anarudi, fundi anaachia, nguo inaendelea.

Mimi sheria hiyo sikuipenda. Niliandika hoja nikaipeleka mpaka kwenye kikao kwamba ni upotevu wa kitambaa. Bi Zuhura akaniuliza, "Katibu, wewe ulizaliwa na mwili huo huo?" Watu wakacheka, hoja yangu ikafa.

Sasa tukapata oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Shule moja ya huko Kibamba, mashati ya wanafunzi wote, yakamilike kabla ya shule kufunguliwa. Ikienda vizuri, sare zao za kila mwaka ni zetu. Ikiharibika, tunarudi kwenye zipu, kila mtu barazani kwake. Hilo tulilijua wote, na tulikuwa tukisali kila mtu kwa dini yake.

Mimi kama katibu nikataka tufanye kazi ya kisasa. Nikaangalia futi za wenzangu. Kwa wasiojua, futi ndiyo ile tepu ya kupimia ambayo fundi anaivaa shingoni. Kila mmoja alikuwa na yake, nyingine zimefutika namba, nyingine zimeungwa na gundi. Nikasema hapana, kazi moja, futi moja.

Nikaenda Kariakoo, nikamkuta machinga amezipanga chini, za njano, zinang'aa. Nikanunua kumi na moja. Nikazigawa kwenye kikao na hotuba kidogo. Nakumbuka nilitumia neno viwango.

Watu kumi, mimi nikiwemo, tukazivaa. Bi Zuhura akaikunja yake akanirudishia.

"Mie n'na futi yangu, mwanangu. Hii tunajuana."

Ni futi nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya mgando. Nikaona ni ushamba tu wa watu wazima, nikaitia mfukoni.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu wa Kibamba akaja kuangalia kazi. Dada mmoja mpole, hana haraka. Akachukua shati la Bi Zuhura na shati langu, saizi ile ile, akayaweka moja juu ya lingine mezani.

La Bi Zuhura lilikuwa kubwa. Siyo sana, ila unaliona.

Akachukua la fundi mwingine, likalingana na langu. La mwingine tena, likalingana. Mashati ya watu kumi yanafanana, ya mtu mmoja yamezidi.

Mwalimu akasema kwa upole kwamba hawezi kupokea saizi mbili zenye namba moja, wazazi watagombana getini. Turekebishe, atarudi baada ya siku tano. Akaondoka.

Wakuu, kikao kilichofuata nikikikumbuka nasikia aibu mpaka kwenye masikio.

Nilikiongoza mimi. Nikasema tatizo linajulikana, kuna mwenzetu alikataa futi ya ushirika. Bi Zuhura akasimama akasema, "Futi yangu iko sawa. Zitazameni hizo zenu." Akakaa.

Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba futi kuukuu huwa zinalegea. Ni kweli, futi za kitambaa hulegea, inchi zikarefuka na nguo ikatoka kubwa. Kwa hiyo za kwetu hata hatukuzitazama. Tulikuwa kumi dhidi ya mmoja, nani angetazama?

Nikaita kura. Katiba yetu inasema kila mwanachama kura moja, haijalishi ana hisa ngapi, na ni kitu tunachojivunia. Mikono tisa ikanyooka kwamba Bi Zuhura afumue mashati yake yote arobaini ayapunguze. Mmoja hakunyoosha. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa anafuta miwani.

Akasema, "Haya. Wengi mmeamua." Akabeba furushi lake akaenda kwenye meza yake, akatoa wembe, akaanza kufumua.

Hakununa. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye.

Siku ya pili yake nikatumwa kwa Mzee Swaleh kuchukua kitambaa cha mifuko, mita tatu.

Sasa niwaambie kuhusu huyu mzee. Ni mtu mwema, kwenye misiba ya mtaa yeye ni wa kwanza kufika. Lakini kwenye kupima kitambaa hana undugu. Ana chuma chake cha mita moja, kimegongwa alama ya serikali ya ukaguzi wa vipimo, na anakata kitambaa kama anakata ngozi yake mwenyewe. Tangu nimfahamu hajawahi kumzidishia mtu hata upana wa kidole.

Akapima, akakata, akanikabidhi. Na mimi kwa mazoea nikakipitishia futi yangu mpya. Nikaona kimezidi. Tena kimezidi vizuri tu.

Roho ikanituma niondoke. Nikajikaza nikasema, "Mzee wangu, leo umenizidishia. Inchi karibu nne."

Wakuu, kabla ya siku ile sikuwahi kuona mtu akijiona ametukanwa kwa kuambiwa ni mkarimu.

Mzee alivua kofia akaiweka mezani. "Mie? Nikuzidishie wewe? Bwana Katibu, duka hili lina umri kuliko baba yako. Lete hiyo kamba yako hapa."

Akailaza futi yangu juu ya chuma. Mita moja inatakiwa isome inchi thelathini na tisa na kidogo. Yangu ilisoma karibu arobaini na moja.

Inchi zake zilikuwa fupi. Futi nzima ilichapishwa vibaya, na nyingine kumi zilitoka fungu lile lile.

Mzee Swaleh akanitazama, akavaa kofia yake, akasema taratibu, "Kitambaa chako ni mita tatu. Nenda."

Kutoka dukani kwake mpaka kwenye chumba chetu ni mwendo wa dakika tano. Nadhani nilitumia nusu saa. Nilisimama kwenye duka la simu nikaangalia kava za simu ambazo hata sizihitaji.

Nilimkuta Bi Zuhura ameshafumua ishirini na sita. Yamekunjwa vizuri, vipande vya mbele peke yake, mikono peke yake. Nikamwomba futi yake. Akanipa bila kuuliza. Nikarudi nayo kwa Mzee Swaleh mbio, nikailaza kwenye chuma.

Ilikuwa sawasawa. Haikuzidi, haikupungua. Baadaye ndipo nikajua kwamba kila mwaka huwa anaenda kuipima pale pale kwa Mzee Swaleh, na ikilegea anaitupa ananunua nyingine. Hajawahi kumwambia mtu, kwake ni kama kupiga mswaki.

Nikarudi, nikachuchumaa pembeni ya meza yake.

"Mama, ulijua yako iko sawa?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulikubali kufumua?"

Akajibu huku wembe wake unaendelea. "Nilisema, mkanyoosha mikono. Ningegoma mngegawanyika, na oda ingekwenda. Shati nikilifumua nalishona tena. Nyie mkitawanyika nikawatafute wapi?"

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima, katibu wa ushirika, nimechuchumaa chini na muhuri mfukoni.

Nikaitisha kikao saa ile ile. Nikaeleza yote, kuanzia machinga mpaka chuma cha Mzee Swaleh. Kila mtu akaanza kuhesabu mashati yake madogo. Mamia, wakuu. Na siku zilizobaki ni tatu.

Ndipo yule mwenzetu wa maandazi akageuza shati lake ndani nje, akashika mshono, akasema, "Jamani, si tuna ile inchi ya Bi Zuhura?"

Ile ile niliyoiandikia hoja kwamba ni upotevu.

Ilikuwemo kwenye kila shati. Kifuani tukaachia, mikononi tukaachia, pindo likashushwa. Kola tuliziacha, tofauti ya kola haionekani. Wa Msasani waliomba ruhusa kwa bosi wao wakakaa na sisi kutwa. Mzee Swaleh alikataa kuazima chuma chake, ila tuliponunua futi nyingine alituruhusu kuzipima moja moja juu ya meza yake, huku ananung'unika, na mchana akatutumia birika la kahawa ya tangawizi.

Na kitu cha kwanza tulichofanya, kabla hatujagusa ya kwetu, tuligawana mashati ishirini na sita ya Bi Zuhura tukayashona tena kama yalivyokuwa. Hilo halikupigiwa kura. Watu waliyachukua tu mezani.

Mwalimu alirudi, akapanga, akapima, akapokea. Mwaka huu pia wametuita.

Nilichojifunza, mimi binafsi.

Ushirika siyo dawa ya kila kitu. Bila duka la Mzee Swaleh hatuna kitambaa, na bila ubahili wake nisingegundua kitu. Bila ile alama ya serikali kwenye chuma chake tungebishana mpaka leo. Bila Msasani wenzetu wawili wasingelisha watoto wao miezi ambayo hatuna oda. Uchumi wa mtaa wetu una milango mingi, na sisi ni mlango mmoja.

Lakini mlango huo ndio pekee ambao ndani yake mama kama Bi Zuhura ana sauti sawa na mimi. Tulichokosea ni kudhani sauti nyingi zinatosha. Tunaweza kupiga kura nani awe katibu, tufunge saa ngapi, oda tuichukue au tuiache. Inchi haipigiwi kura. Inchi unaenda kuipima.

Niliomba kujiuzulu, wakakataa. Moja ya zile futi za njano tumeitundika ukutani. Siku hizi mtu akija na wazo la haraka haraka wanamwambia hiyo ni futi ya Katibu, na mimi nacheka nao, nifanyeje.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Walioumizwa na ushirika waseme, walioinuliwa nao waseme. Na yule mkuu wa korosho na kahawa namkaribisha Mtoni, tutamshonea shati.

NB: Mtakaouliza picha, ninayo moja tu. Ni ya shati la kitenge nililolivaa sasa hivi naandika. Bi Zuhura alinipima kwa futi yake, akanishonea, akakataa nisilipe. Nilipoligeuza ndani nikakuta kitambaa kimeachwa kwenye mshono, inchi nzima. Nikamwambia mama, mimi ni mtu mzima, hii ya nini?

Akasema, "Acha ikae. Bado unakua."