Kizimba cha Velveti

Kochi lile lililetwa asubuhi, limefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni, na mwenyewe akasema lilikaa uani miezi minne likinyeshewa kabla hajakumbuka kwamba kuna watu duniani kazi yao ni kufufua makochi. Fundi akalipindua, likakaa miguu juu, akachukua kisu chake kidogo akachana kitambaa cha chini. Fundi makochi yeyote atakuambia kuwa hapo ndipo penye siri za watu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa ametoa humo vitana, vijiko, hereni za upande mmoja, barua ambazo hazikutumwa, na jino moja la bandia ambalo mwenye kochi aliapa si lake. Siku hiyo alitia mkono, na kilichokuwa ndani kikapumua.

Akautoa mkono kama aliyeshika kaa la moto. Kisha akaurudisha polepole. Alikuwa mtoto wa mbwa, mmoja tu, mdogo wa kuenea kwenye kofia, amejikunja katika shimo ambalo mama yake alilichimba kwa kucha kwenye sponji. Alikuwa amesafiri juu ya mkokoteni, akapinduliwa miguu juu kichwa chini, bila kutoa sauti. Fundi alirudi kwa mwenye kochi siku tatu mfululizo kumuulizia mama mbwa, hadi mwenye kochi akaanza kujificha. Mama mbwa hakuonekana. Fundi akakaa kwenye vumbi la karakana yake, yule kijibwa kifuani, akastaajabu bila aibu. Vitu alivyowahi kuvitoa ndani ya makochi vingejaza kabati, na hata kimoja hakikuwahi kumtazama. Aliona wazi kwamba amekabidhiwa amana, na amana haiachwi njiani. Akampa jina la Sponji, maana hakuwa na jingine.

Kazi ilikuwa nyumbani. Mkewe alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima ulimwita Mama Dobi. Alikuwa mwanamke asiyeogopa damu, maiti wala wakubwa wa kazi. Mbwa ndiye aliyemweza. Akiwa na miaka kumi, mbwa alimng'ata kigimbi, akadungwa sindano kumi na nne za tumboni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Dobi alishtuka hata akisikia mnyororo wa baiskeli.

Jikoni kwao kulikuwa na mlango wa vipande viwili, wa juu na wa chini. Alipomwona Sponji alifunga cha chini, akasimama nyuma yake kama karani wa dirishani.

"Umeniletea nini, mume wangu?"

"Mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe atalishika kwa mkono gani?"

Fundi akacheka, lakini aliona mkewe ameshatia na komeo, akaacha kucheka. Walikubaliana hivi. Baada ya miezi miwili binti yao angekuja kukaa nao na mtoto mchanga, mjukuu wao wa kwanza. Hadi siku hiyo mbwa awe na mahali pake anapolala bila kelele wala kuzurura, na asiwe na mdudu hata mmoja. La sivyo, jirani yao dereva wa lori atamchukua kwenye uwanja wa malori, amfunge mnyororo alinde matairi. Fundi aliujua uwanja ule. Mbwa aliyekuwapo kabla alikuwa amekanyaga duara kwenye udongo, upana wa mnyororo wake, na nje ya duara lile hakuwahi kunusa kitu.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mwenye miwani, ofisi yake chumba cha nyuma ya duka la vyakula vya kuku. "Mtengenezee kizimba, baba," alimwambia. "Kiwe chumba chake, kisiwe jela. Siku za mwanzo mlango uwe wazi, mtupie chakula ndani, aingie na kutoka mwenyewe. Akizoea, funga dakika moja, kesho mbili, keshokutwa tano. Akilia, subiri anyamaze ndipo umfungulie. Na usimtie humo kwa hasira hata siku moja."

Mtu mwingine angepigilia mbao nne na wavu, yakaisha. Lakini huyu ni fundi makochi, na fundi makochi hawezi kuona ubao mtupu akalala usingizi. Kizimba kilipokamilika kilikuwa na sponji ya inchi mbili chini na pembeni, juu yake velveti ya rangi ya kahawa iliyovutwa kwa vifungo vya kubonyea, pembe zimezungushiwa kamba ya mapambo, kila kitu kimekazwa kwa gundi na pini. Majirani walikuja kukitazama. Dereva wa lori aliuliza bwana harusi anawasili lini.

Mama Dobi alitazama kutoka nyuma ya mlango wake. Velveti ile aliijua. Ilikuwa mwisho wa gora ambalo Fundi alilificha miaka mitano, akimwahidi kwamba siku akistaafu atamshonea kiti cha kupumzikia. Amestaafu, na bado anakalia kiti ambacho sponji yake imetoka nje kama ulimi. Mganga hajigangi. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Fundi alisikia jinsi sahani zilivyokuwa zikigongana, na kwa ujinga wa wanaume akadhani anaharakisha chakula.

Mafunzo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Fundi alilala kifudifudi sakafuni, mzee wa miaka sitini na moja, akirusha vipande vya ini kizimbani na kusema "Nyumbani!" kwa sauti ya kubembeleza. Siku ya nne Sponji aliingia na miguu yote. Wiki ya tatu ilitosha kusema "Nyumbani!" mara moja, naye akatoka mbio uani, akaingia, akajizungusha mara tatu, akalala na kutulia robo saa mlango ukiwa umefungwa. Kila mara Fundi alimtupia kipande kingine cha ini. Kiumbe aliyetupwa na dunia nzima anaambiwa neno moja, naye analiamini. Watoto wake mwenyewe hawakuwahi kumwamini haraka hivyo.

Ndipo kukaanza kujikuna. Kwanza sikio, kidogo tu. Baada ya wiki Sponji alikuwa akijitafuna mgongoni karibu na mkia hadi manyoya yakatoka, na tumbo lake la waridi likajaa vipele. Fundi alipopanua manyoya aliona viroboto wakikimbia. Alimkamata mmoja kwa kucha, akamweka kwenye karatasi, na kabla hajameza mate yule kiroboto alikuwa ameruka akatua kwenye kopo la gundi, upande wa pili wa meza. Fundi akapima kwa futi yake, mazoea ya kazi. Mdudu mdogo kuliko kichwa cha pini! Alimchukia, lakini alimvulia kofia.

Daktari alitoa dawa ya kudondosha shingoni na sabuni ya kuogeshea. "Na anapolala, baba?"

"Pasafi kuliko ninapolala mimi."

"Matandiko yafue kwa maji ya moto. Mayai yao yapo huko, mengi kuliko yaliyo mwilini."

Fundi akaenda akafua kile kiblanketi cha juu. Velveti na sponji hazikumjia akilini kabisa. Kwake yeye kitu kikishapigwa pini si tandiko tena, ni samani, na samani haifuliwi, inapigwa brashi. Aliipiga brashi ikang'aa. Kila akiogeshwa Sponji alipata nafuu siku mbili, na siku ya tatu alianza upya. Kilichomuumiza zaidi Fundi ni kwamba kijibwa aligoma kuingia kizimbani. Akiambiwa "Nyumbani!" alikimbia hadi mlangoni, akasimama, mguu mmoja hewani, akalia kwa sauti nyembamba.

Zilibaki wiki tatu binti afike. "Amekuwa mkaidi," Fundi alisema, amekaa sakafuni, ini mkononi, uso umemshuka. "Alikuwa anajua kila kitu. Sasa hataki tu."

"Si mkaidi," sauti ikasema kutoka nyuma ya mlango wa jikoni. "Anapaogopa."

"Pana nini cha kuogopa? Velveti?"

"Mimi namjua mtu anayeogopa, mume wangu. Anataka kukutii na miguu inakataa. Hiyo hali nimeishi nayo miaka hamsini." Mama Dobi akachungulia juu ya mlango. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umewahi kulala humo?"

Akatoweka, akarudi na kitambaa cheupe alichokilowanisha, akakirusha juu ya mlango kikaangukia magoti ya mumewe. "Kandamiza kwenye pembe, pale penye vifungo vyako vya maringo. Hesabu hadi ishirini."

Fundi akakandamiza. Kitambaa kilitoka na chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na mbele ya macho yake kila chembe ikaanza kujizungushia duara jekundu, lile jekundu la kutu. Ilikuwa damu ya Sponji, imenyonywa na viroboto, imetupwa kama kinyesi, inamrudia mwenyewe kwenye velveti bora kuliko zote alizowahi kuzivuta.

"Hospitali tulipima magodoro hivyo," Mama Dobi alisema. "Daktari humtibu mgonjwa, dobi hutibu kitanda. Ukimtibu mmoja tu, hujatibu. Toa yote."

Fundi hakubisha, ingawa alitamani. Alichukua koleo akang'oa pini mia nne, moja moja. Alimtengenezea kijibwa kitanda, kumbe amewajengea viroboto mji. Na sasa tu, velveti ikiwa mikononi, alikumbuka iliwekwa kwa ajili ya nani. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Mke wangu," alisema, "hii ilikuwa ya kiti chako."

"Nilidhani umesahau."

"Nilisahau."

"Angalau husemi uongo," alijibu, akanyoosha fimbo juu ya mlango aipokee ile velveti. Velveti ilichemshwa mara tatu ikatoka imesinyaa, ikatosha kufunika stuli basi. Sponji ya kizimba ilichomwa moto. Mbao zilisuguliwa kwa maji yanayotoka mvuke, sakafu za vyumba vyote zikafagiliwa hadi kwenye nyufa, na ndani ya kizimba likatandikwa shuka kuukuu ambalo Mama Dobi alilifua kwa maji ya moto kila baada ya siku mbili, kwa wiki tatu, bila kuambiwa. Sponji alisimama mlangoni siku nne. Ya tano akaingia.

Siku moja kabla binti hajafika, dereva wa lori alibisha hodi, mnyororo umezungushwa mkononi. "Shemeji, uliniambia nije leo. Namchukua ama simchukui?"

Sponji aliusikia mnyororo. Hakusubiri kuambiwa "Nyumbani." Alipenya katikati ya miguu ya Fundi, akaingia kizimbani, akajikunja kwenye kona ya mwisho.

"Tupime kwanza," Mama Dobi alisema. Alikuwa na kitambaa cheupe, kimelowa.

Fundi akanyoosha mkono akipokee. "Nipe mimi."

"Wewe macho yako yanamtetea."

Akafungua kipande cha chini cha mlango, cha chini chenyewe, akatoka. Alivuta stuli ya velveti, akaketi mbele ya kizimba, na Fundi aliliona lile kovu kwenye kigimbi chake. Mdomo wake ulikuwa ukihesabu bila sauti. Akatia mkono ndani, hadi kiwiko, akakandamiza kitambaa mgongoni mwa mbwa, karibu na mkia, pale palipokuwa na kidonda. Fundi aliziba pumzi. Hata dereva alizuia mnyororo wake usilie.

Hesabu ya ishirini ilifika. Ikapita. Hesabu ya hamsini ikapita.

"Mke wangu," Fundi akanong'ona, "kitoe tukione."

"Siwezi."

"Kuna nini?"

"Ameniwekea kichwa mkononi."

Akakitoa kitambaa kwa mkono wa pili, taratibu, akakiinua juu ya bega lake bila kugeuka. Kilikuwa cheupe kama kilivyoingia. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kitambaa na mwingine una mtu. Fundi, ambaye maisha yake yote amepekua ndani ya viti vya watu akidhani ameshaona kila kinachofichwa humo, alisimama akimtazama mwanamke aliyelala naye miaka thelathini na tano kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye.

"Kwa hiyo shemeji," dereva akauliza kwa sauti ya chini, "nimchukue?"

"We dereva, huoni amelala?" Mama Dobi alisema. "Peleka makelele yako nje."