Zamu ya Mnara

Kabati zetu zote zina mgongo ulionyooka, na nyumba yetu haina ukuta ulionyooka hata mmoja. Ni mnara wa maji wa zamani wa reli, hapa mtaa wa Mount Dennis, ughaibuni, uliojengwa kwa matofali enzi za injini za mvuke. Jiko liko chini, vyumba viko juu palipokuwa na tangi. Nyuma ya kila kabati kuna pengo, na katika kila pengo kuna soksi. Mume wangu husema tulinunua ngazi, nyumba tukapewa nyongeza. Mimi naipenda kupita kiasi.

Baba alipokuja kututembelea kutoka Tabora, nilidhani ataipenda kunishinda. Ujana wake wote alikuwa mtunza tangi la maji pale stesheni. Aliuzunguka mnara, akagonga matofali kwa kidole, akasema, "Sisi tulipanda kwa kazi, tukimaliza tunashuka. Wewe umeamua kulala humo humo."

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba ya Tabora ilikuwa tupu. Nilitaka baba abaki nasi. Kibali chake cha kukaa nchini kilimruhusu, yeye ndiye hakutaka. Karatasi ya tiketi ya kurudi ilikaa katika mfuko wa shati lake, na kila mara aliipapasa kama mtu mwenye jino bovu.

Kosa lilikuwa langu. Nilimlea kama yai. Akigusa sufuria, "Baba, pumzika." Akishika beleshi la theluji, namnyang'anya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwezi wa pili bado nampelekea chai kitini, halafu nashangaa amenuna.

Asubuhi moja natoka kwenda kazini hospitali, nimechelewa, nikamkuta amesimama mlangoni, kofia kichwani.

"Nikabidhi," akasema.

"Nikukabidhi nini, baba?"

"Zamu. Kwetu hakuna aliyeondoka kwenye tangi kabla mwenzake hajapokea. Hata kama ni siku ya harusi yake."

Mimi ni nesi. Sitoki wodini bila kukabidhi wagonjwa. Nikaona aibu. Nikamwambia maharage yako jikoni, bomba la juu linavuja, mjukuu wake anarudi saa tisa.

"Nimepokea."

Jioni alinisubiri palepale. "Maharage yameiva, bomba limekazwa, mtoto amekula, ila tangu arudi ananijibu Kiingereza," akaripoti. "Nimepokea," nikasema, ndipo akavua kofia.

Tukaenda hivyo kila siku, na nyumba ikachangamka. Lakini tarehe ya tiketi haikunisahau. Ilipobaki wiki moja, nikamuuliza kwa shingo upande kama nianze kumpangia sanduku. Alikuwa anachambua mchele.

"Wewe uko wodini, mumeo yuko kazini," akasema bila kuinua macho. "Zamu nitamkabidhi nani?"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha. Aliniambia nisogee, ndiyo kwanza amepiga deki.