Baba mkulima wa tumbaku alivyokata maua ya zabibu zangu Kwihara

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii ni kweli tupu, anayebisha apande bodaboda aje Kwihara nimwoneshe shamba.

Mimi ni dada wa Ipuli, hapa Tabora mjini. Baba yuko Usoke, amelima tumbaku tangu sijazaliwa. Ana kieneo chake Kwihara, nikamwomba nijaribu zabibu za mezani, zile zisizo na mbegu. Aina yenyewe ni sugu, inavumilia jua, na ukungu hauisumbui sana.

Baba akacheka. "Zabibu ni za Dodoma, mwanangu. Haya, nakupa msimu mmoja. Nisipoona tunda, naweka tumbaku."

Nikaagiza vipando kwa mama mmoja mkulima wa Dodoma. Mashimo, samadi, nguzo, waya, kumwagilia kwa ndoo kila jioni. Kiuno kiliita!

Mwaka haujaisha, miche ikatoa maua. Nilimpigia simu kila mtu, baba akiwa wa kwanza.

Akapanda basi kuja kuona, mimi nikiwa kazini. Nilipofika shambani nikamkuta amekalia ndoo, anapangusa mikono, ameridhika kabisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekusaidia kazi. Maua yote nimeyakata."

Yote!

Wanaojua tumbaku wananielewa. Ua likitokea unalikata, nguvu iende kwenye majani. Mikono ya mzee imefanya hivyo miaka nenda rudi.

"Baba, zabibu si ndiyo hayo maua!"

Akayatazama maua yaliyolala chini. "Kumbe nimekuharibia." Nililia, sifichi. Shamba nilishaliona limekwenda.

Nikampigia yule mama wa Dodoma, simu nimeweka spika. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mche mchanga haubebeshwi matunda, hata mimi maua ya kwanza nayatoa. Si nilikwambia?"

Kweli aliniambia. Nilikuwa na kiherehere cha kumwonesha baba tunda.

Mzee aliposikia hivyo akanyanyuka kwenye ndoo kifua mbele, akatangaza ananiongezea msimu. Utadhani alijua toka mwanzo!

Msimu uliofuata mashina yalinenepa, vichala vikaning'inia mpaka waya ukalegea. Baba alimaliza kichala kizima amesimama. Kisha, kwa sauti ya chini, mtu aliyenifundisha mimi kushika jembe akasema, "Hebu nifundishe zinavyopandwa. Nataka kujaribu Usoke, pale penye tumbaku."

Wakuu, nilifurahi kuliko siku niliyovuna.

Nilichojifunza: mwaka wa kwanza kuza shina, tunda lisubiri. Na mtaalamu wa zao lingine akija shambani kwako, usimwache peke yake.

Wenye uzoefu na ardhi iliyolimwa tumbaku muda mrefu, nisaidieni: niongeze samadi kiasi gani kila shimo? Jibuni upesi jamani. Nilimwambia mzee aanze na mashimo matano, asubuhi hii kanipigia, amechimba arobaini.