Bwawa Lililoita Watoto

Enzi zetu, sisi watoto wa vibarua wa mashamba ya kahawa hapa Karatu, hatukujua simu wala katuni. Tulikuwa na kombolela, mpira wa makaratasi, makande ya jana yaliyopashwa asubuhi, na ule ukungu wa Julai uliomficha hata mwenzako uliyemshika mkono. Tulikuwa na bwawa pia, la kumwagilia mibuni, lenye maji meusi na matete.

Mama yangu alitoka Singida, na kwake maji yalikuwa ya kuchota tu. Alituapia kwamba bwawa lile huwaita watoto kwa majina yao. "Ukisikia unaitwa, usiitike. Kimbia." Wazazi wote wa kambini walisema hivyohivyo. Nadhani waliona ni rahisi kuliko kutufundisha kuogelea, maana wao wenyewe hawakujua. Nasi tuliamini kabisa.

Asubuhi moja ya ukungu tulikwenda kuchota maji, nikateleza nikatumbukia. Niliwahi kumwita rafiki yangu Regina mara mbili, kisha maji yakanijaa kinywani. Nikasikia miguu ya wenzangu ikitimua mbio kwenye tope. Maji yale yalinivuta chini polepole, kama mtu anayekubembeleza ulale.

Aliyebaki ni Hawa peke yake, msichana mgeni kutoka Digodigo, aliyejifunza kuogelea kwenye mifereji ya mashamba ya kwao. Alijitosa, akanikamata gauni, akanikokota hadi kwenye majani. Nilipomaliza kutapika nilimuuliza kwa nini hakuogopa.

"Maji hayajui jina la mtu," alisema. "Nilijua ni wewe. Uliniita mimi mpaka nikakufikia."

Mimi sikumwita Hawa. Na wakati ule nilikuwa nimeshanyamaza. Sikumwambia hilo.

Siku hizi wanangu wanafundishwa kuogelea kwenye hoteli ya watalii, maji ya bluu unayaona hadi chini. Wanadai miwani ya maji, na kabla hawajalowa wameshapigana picha. Nawacheka sana. Lakini Jumamosi iliyopita mmoja wao alipaliwa na maji katikati ya bwawa akaita, na wenzake wakamwendea wote, hata kabla ya mwalimu. Nililia palepale, watu wakanishangaa.

Sisi tulikula sahani moja, tukalala kitanda kimoja. Regina alinipenda, hilo sina shaka nalo. Ila hakujua kuogelea, akakimbia.