Ilichokiona Kamera ya Nyuma

Niliondoka Njiru Alhamisi asubuhi kwenda kutafuta ushahidi wa kummaliza jirani yangu. Nasema hivyo wazi ili ninyi ndugu zangu wa Kakamega, ambao kila mkipiga simu mnaniuliza kama mnunue kamera moja ya gari au mbili, mjue nilitoka nyumbani na moyo gani. Jibu la kamera nitawapa, msiwe na haraka.

Jirani mwenyewe ni Javan. Wiki nzima anafanya kazi kiwandani, na mtu akifariki ndiye dereva wa gari la chama chetu cha msiba. Sisi watu wa magharibi tunaoishi Njiru hapa Nairobi hatumwachi mwenzetu azikwe ugenini, na kwa miaka mingi mikono iliyotufikisha nyumbani na wafu wetu ilikuwa ya Javan. Halipwi. Heshima ndiyo mshahara wake, na mimi nilikuwa karibu kumnyang'anya.

Ilikuwa hivi. Wiki moja kabla ya safari hii, saa kumi alasiri, nilikuwa narudi kutoka sokoni na gari langu la mayai. Pale Kangundo Road inapopanda kutoka mtoni foleni ilisimama. Mbele yangu lori la mawe, nyuma yangu Javan na gari la chama. Mara nikasikia kishindo nyuma, na trei tatu za mayai zikamwagika. Nikashuka nikifoka. Javan alisema neno moja tu, kwamba yeye alikuwa amesimama. Nikamwambia gari lililosimama haligongi mtu.

Nilikuwa na kamera moja kwenye kioo cha mbele, na nilijivuna nayo kama bibi harusi na pete. Jumapili nikaionyesha kamati ya chama. Karibu picha nzima ilijaa matako ya lori, barabara ikionekana kidogo tu pembeni. Lori linasogea mbali kidogo, kisha picha inaruka, kishindo. Kamati ikaridhika kwamba foleni ilianza kwenda, Javan akachelewa kufunga breki. Wakamwomba akae kando kidogo, na Jumapili inayofuata wachague dereva mwingine. Mwenyekiti alipomwuliza kama ana la kuongeza, alitikisa kichwa, akaweka funguo mezani.

Kimya chake kiliniudhi. Nilitaka akiri. Nikairudia video yangu mara nyingi, na katika mojawapo nikaona kitu: sekunde chache kabla ya kishindo, pikapu nyeupe ilipita ikielekea mjini, imeandikwa ubavuni kwamba ni ya duka la sofa Shauri Moyo. Juu ya kabini, upande wa nyuma, palikuwa na kijamera kinachoangalia mzigo. Nikajiambia, hapo ndipo penye msumari wa mwisho.

Saa mbili asubuhi siku hiyo ya Alhamisi nilimwachia mke wangu mayai ya wateja wa karibu nikashika Kangundo Road. Aliniuliza safari ni ya nini, nikamwambia ni ya haki. Akacheka kidogo, akasema nimsalimie huyo haki nikimpata. Kule mtoni nilipita bila hata kuangalia mahali pale. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayosema Jumapili, na mengine yalikuwa matamu sana, Mungu anisamehe.

Saa tatu na nusu nilikuwa Jogoo Road, na kabla ya saa nne nikakata kuingia Shauri Moyo. Hapo ukifika na gari lazima uwe mpole, kwa sababu barabara ni ya watu wanaotembea na mabelo ya nguo za mitumba kichwani kwenda soko la Gikomba, na hakuna atakayekupisha. Niliulizia duka la sofa kwa maseremala watatu. Wa tatu akaniuliza, "Unatafuta Mama Nasra? Fuata harufu ya vanishi, utamkuta."

Mama Nasra ni mama wa makamo, Mwislamu mzaliwa wa Nairobi kama alivyozaliwa mama yake. Ananunua fremu za viti kwa mafundi, anazivisha kitambaa na kuwapelekea wateja kwa pikapu anayoiendesha mwenyewe. Nilipomwambia nimetoka Njiru alidhani nimekuja kulalamikia sofa. Nilipomweleza shida yangu alinikalisha kwenye kiti ambacho bado hakijavishwa, akaagiza chai ya maziwa, na hakutaka kusikia zaidi mpaka nimeinywa nusu.

Kamera zake ni mbili. Aliniambia mwanzoni alikuwa na moja ya mbele kama mimi, ikawa inamwonyesha barabara vizuri sana huku mito ya viti ikiibwa nyuma yake kwenye foleni. Ndipo akaongeza ya nyuma. Nikamwuliza kama video ya wiki iliyopita bado ipo, maana najua kamera hizi zikijaa hufuta za zamani na kuandika juu yake, na zikiwa mbili hujaza kadi haraka zaidi.

"Kwa kawaida ingekuwa imefutika," alisema. "Lakini siku hiyo baada ya kupita kwenu vijana waliniibia mito miwili. Nikahifadhi jioni nzima kwenye simu, nikiwatafuta. Wao sijawapata, lakini naona wewe umepata."

Nilicheka. Sikujua ninachokichekea.

Alianza na ya mbele. Tunaonekana sote tumesimama: lori, mimi, Javan. Kati yangu na Javan kuna nafasi ya mkokoteni kupita. Nikasema, ona, yuko pale pale anajiandaa kunigonga. Mama Nasra akaifunga. Akafungua ya nyuma, inayoanzia pikapu yake ilipokwisha kunipita.

Magurudumu ya lori hayazunguki. Taa za breki za gari langu zinawaka, kisha zinazimika. Gari langu linaanza kurudi, polepole, likishuka kilima bila haraka yoyote. Taa za Javan zinawaka wakati wote. Honi yake inasikika kwa mbali. Kisha matako ya gari langu yanaketi kwenye pua ya gari la chama.

"Rudisha," nilisema. Akarudisha. Nilimwomba hivyo mara nne, na kila mara ni mimi niliyerudi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kila muuza mayai hufanya hivi: gari likisimama kilimani, unavuta breki ya mkono, unageuka kushika trei zisiteleze. Nilikuwa nimegeuka, mikono yote miwili kwenye trei, mguu umeacha breki. Na breki ya mkono ya gari langu imelegea tangu mwaka jana, kila siku nasema nitaipeleka kwa fundi kesho. Lori halikusogea mbali nami. Mimi ndiye niliyesogea mbali nalo, na kamera yangu moja haikuwa na njia ya kujua tofauti.

Mama Nasra aliniuliza huyo wa nyuma ni nani wangu. Nikasema ni jirani. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza rangi ya kitambaa, "Sasa nikutumie, ama niiache ipotee?"

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia nilijibu papo hapo. Badala yake niliinua kikombe nikanywa chai yote iliyobaki, na chai hiyo ilikuwa bado ya moto. Nilifikiria uso wangu mbele ya kamati. Kisha nikafikiria funguo zile mezani.

"Nitumie," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema Mama Nasra, na akakataa katakata kupokea chochote. Alinifungia mandazi mawili ya njiani. Mpaka leo nikimkumbuka nashukuru, maana angeweza kunidharau na hakunidharau.

Saa sita mchana nilikuwa mtaa wa Fedha, kwa Kevo, fundi wa kamera za magari aliyenifungia ile ya kwanza. Asubuhi nilipanga kupitia kwake kumsifu. Sasa nilimwomba anifungie mbili.

"Mbili za aina gani, mzee wangu?" aliuliza. "Kuna ya mbele na ndani, hiyo ni ya watu wa teksi, inachunga abiria. Na kuna ya mbele na nyuma. We unabeba mayai, na mayai hayakuangi na stori kama abiria. Chukua ya nyuma."

Alinieleza pia kwamba moja inamtosha mtu anayeendesha peke yake barabara tambarare, na ni rahisi kufunga. Mbili zinataka kadi kubwa, na waya wa nyuma lazima upitishwe ndani ya dari ya gari, si kuning'inia. Akaangalia trei zangu zilivyopangwa hadi juu, akaniambia nikiendelea kupanga hivyo kamera ya nyuma itakuwa inarekodi mayai tu. Nimepunguza safu moja ya juu. Kabla ya kuondoka nilimwuliza fundi wa breki yuko wapi, akanionyesha jirani yake. Breki ya mkono ilitengenezwa kwa muda mfupi kuliko niliotumia kunywa soda.

Saa kumi nilifika Njiru, na sikuingia kwangu. Javan alikuwa kibarazani anapiga viatu rangi kabla ya kwenda zamu. Mkewe aliponiona akatoa kiti, ingawa alinisalimia kwa ufupi, na ni haki yake. Nikampa Javan simu, nikasema, "Ndugu, mimi ndiye niliyerudi nyuma. Nimekukosea mbele ya watu."

Alitazama mara moja tu. Akanirudishia.

"Nilijua," akasema. "Mguu wangu ulikuwa kwenye breki, nitakosaje kujua?"

"Mbona hukupigana?"

"Na nani, Baba Sheila? Na video?" Akachukua kiatu cha pili. "Nisikilize. Jumapili usiwaonyeshe hiyo. Waambie kwa mdomo wako. Video walishaiamini mara moja."

Jumapili nilisimama. Nilieleza kilima, trei, na breki niliyoipuuza mwaka mzima. Mwenyekiti aliuliza kama nina ushahidi. Nikamwambia upo kwenye simu, lakini nawaomba waniamini mimi bila huo, kama mtu wao. Niliona aibu hadi masikioni. Kisha mwenyekiti akanipa funguo, nikavuka chumba nikampa Javan kwa mikono miwili. Akazipokea, akauliza ni nani anayesafirishwa wiki hii. Ilikuwa hivyo tu.

Basi jibu lenu. Ukibeba mzigo, na barabara yako ina vilima, nunua mbili, ya mbele na ya nyuma. Lakini nimejifunza kwamba hata mbili zinamwona mtu kwa nje tu. Mguu wangu ulioacha breki nilipaswa kuuona mwenyewe. Nawashukuru Mama Nasra na Kevo, na Javan zaidi ya wote, kwa kunivumilia hadi nikauona.

Ijumaa iliyofuata tulimsindikiza mama wa mwanachama wetu kwenda kuzikwa. Nilipanda gari la chama, nikaelekea kiti cha nyuma kabisa. Javan akaniita nikae mbele, karibu naye. Mimi ni dereva, na dereva hapati usingizi kwenye gari la mwenzake, jicho lake liko barabarani muda wote. Siku hiyo nililala kutoka Nakuru hadi Kapsabet.