Vichwa vya Matango

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, tulikuwa wanne uani kwetu, mtaa wa Section 58: mimi Wambui, wadogo zangu Njoki na Wairimu, na jirani yetu Mama Hafsa, aliyeketi kwenye kigoda akichagua mchele. Mbele yetu kulikuwa na ndoo sita kuukuu zilizotobolewa chini, kila moja na mche wa tango.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki, mama akimfuata baba kabla mwaka haujaisha. Mimi niliacha shule darasa la saba nikawa nafua nguo za watu mtaa wa Milimani. Njoki alikuwa kidato cha kwanza, yaani alikuwa ameshanipita, na jambo hilo lilinifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Miaka hiyo yote sahani ya Mama Hafsa haikukoma kuja kwetu. Kwa hivyo aliposema binti yake anaolewa, nilimwambia matango ya kachumbari ya harusi yatatoka kwetu. Tulikuwa tumechoka kupokea tu.

Pale agroveti, duka la mbegu na dawa za mimea, nilipewa mbegu za matango mafupi, yale yasiyotambaa mbali, yanayofaa mtu asiye na shamba. Yalimea vizuri. Yalipofika urefu wa shubiri mbili na kuanza kuonyesha maua, ndipo siku hiyo nikaanza kuyakata ncha.

Usinicheke. Mama yangu alilima malenge kijijini Ndabibi, na kila Jumamosi aliyakata ncha. Majani machanga yaliingia kwenye mukimo, viazi vya kuponda na mboga, nayo malenge yakatoa matawi zaidi. Mama hakuniachia shamba, ila ujuzi huo aliniachia. Sikuona kwa nini tango lisimtii kama malenge yalivyomtii.

Njoki aliokota pakiti ya mbegu, akasoma yale maandishi madogo ya Kiingereza. “Dada, ngoja,” akasema. “Hapa wamesema tusikate. Hii ni fupi hivyo tu, matunda yanashika kwa shina hii moja.”

Nikamjibu bila kuinua kichwa. “Na wewe unajua nini? Hiyo karatasi ndiyo imekulea?”

Wairimu alicheka, akidhani ni mzaha. Njoki alikunja pakiti, akaiweka juu ya ukuta, akaingia ndani. Mikono ya Mama Hafsa ilisimama kidogo juu ya ungo, kisha ikaendelea. Nikamaliza ndoo zote sita. Jioni nilizitia zile ncha zenye vinyweleo kwenye mukimo, na Wairimu akauliza kama siku hizi mukimo inaota ndevu.

Wiki ya harusi ilipofika, matango yangu yalikuwa bado yanahangaika na vitawi vyembamba. Nilipata mawili tu, yamejikunja kama kidole gumba. Nikayaweka kwenye sahani, nikayafunika kitambaa, nikayapeleka kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Mama Hafsa alifunua, akatazama, akafunika tena. “Matango yapo sokoni, mwanangu, nimeshaagiza,” akasema. “Lakini siku ile nilikuwepo. Vichwa ulivyokata vilikuwa saba, si sita.”

Sikuuliza cha saba kilikuwa cha nani.

Msimu uliofuata nilimpa Njoki pakiti asome. Alisoma kama anayemsomea mgeni, sauti moja, akanirudishia. Nilifuata kila neno. Sikukata ncha, nilimwagilia asubuhi kwenye udongo wala si juu ya majani, nikasimamisha kijiti kimoja kila ndoo, nikachuma matango yakiwa machanga ili mengine yafuate. Mama Hafsa alipata beseni zima, na deni la matango likaisha.

Sasa sikiliza. Tango fupi usilikate ncha. Soma pakiti, na kama huwezi, mpe anayeweza kisha umsikilize mpaka mwisho, hata kama ni mtoto uliyembeba mgongoni. Mkubwa ni jalala, wanasema, na ni kweli, nimetupiwa mengi. Lakini hilo halinipi ruhusa ya kumwagia wadogo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, maana kidole changu kingepona ndani ya wiki moja. Na ukimkosea mdogo wako, mwambie siku hiyohiyo, kabla neno halijaota mizizi.

Mungu abariki mikono yako na kila unachopanda, na akupe sikio lisilouliza anayesema ana umri gani.

Njoki leo ana watoto wake. Lakini hadi sasa, akitaka kuniambia jambo analolijua kabisa, huanza hivi: “Labda nimekosea, dada, lakini…” Jumamosi anakuja kunitembelea. Ninachotakiwa kumwambia ni maneno mawili tu, “Ulisoma vizuri,” na nimeyarudia mara nyingi nikimwagilia ndoo zangu. Mbele yake sijawahi kuyasema.