Rotile Iliyopakwa Mawese

Sina subira na mtu anayepaka mafuta kila kitu. Hapa Rumonge wako wengi, maana mawese tunayo, na hewa ya ziwa inakula chuma. Bawaba ikilia, mawese. Kufuli likigoma, mawese. Baiskeli, panga, goti la mzee, vyote mawese. Wateja wangu nawafokea waziwazi. Mtu akiniletea gari lenye breki zilizopakwa mafuta, namwambia mbele ya watu kwamba anajichimbia kaburi, naye anacheka, na safari nyingine anarudi kwangu. Fundi anayefoka, watu humzoea.

Lakini wateja ni wateja. Mbele ya ndugu na wakwe ulimi wangu hulala. Nimekuwa hivyo tangu utotoni kambini, Tanzania, ambako dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Akisema kaa, nilikaa. Akisema kula, nilikula hata nikiwa nimeshiba.

Mke wangu aliondoka kwa sababu hiyo. Dada, ambaye bado anaishi upande wa Tanzania, alivuka mpaka karibu na Kabonga kuja kutusalimu, na salamu ikawa ndefu. Alihamisha masufuria. Alirudia kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Alionja mchuzi wa mke wangu akaongeza chumvi bila kuuliza, mwenye jiko akiwa amesimama hapo hapo.

"Zungumza na dada yako," mke wangu aliniambia.

Nikasema nitazungumza. Akaniambia tena, nikasema ndiyo, nitazungumza.

Sasa, kwetu mgeni haamki tu akaenda zake. Anaomba njia, na mwenyeji anakataa kwanza: bado, kaa kidogo, mbona haraka? Ni adabu. Dada aliomba njia, nami nikamjibu kama mtu aliyelelewa vizuri anavyojibu. Akaomba tena baadaye, nikajibu vilevile, na safari hii mke wangu alikuwa mlangoni anasikia. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akarudi kwa baba yake, huko Gatete.

Mvua zilianza, zikashika, naye hakurudi, na dada bado alikuwa kwangu. Nikapanda pikipiki na kreti ya bia nyuma, nikaenda kumwomba. Mfuko wa spana niliubeba pia. Naubeba popote, hata ukweni, na mke wangu alishalalamikia hilo nalo.

Baba mkwe anakamua mawese. Nilimkuta uani kati ya mapipa yake, mikono ya rangi ya chungwa mpaka kwenye viwiko.

"Amahoro, mukwe wangu."

"Amahoro, baba."

Akaitazama kreti, akautazama mfuko wa spana. "Pikapu yangu iko mugonjwa," akasema. "Usukani unacheza. Rotile mpya nimeshanunua, fundi ndiyo nilikosa. Itengeneze. Ukimaliza, utamuuliza mwenyewe. Akikubali, pikapu hiyo itawapeleka na vitu vyake. Akikataa, utarudi na pikipiki yako. Mimi mutoto wangu simulazimishi."

Basi hiyo ndiyo ikawa hukumu. Mke wangu alikuwa kwenye jiko la nje, anamenya muhogo, amenipa mgongo. Hakugeuka. Niliutazama mgongo ule kidogo, nikaingia chini ya gari.

Rotile, ile ambayo Kigoma tuliita boljointi, ni kiungo kidogo cha chuma kinachoshikanisha fimbo ya usukani na gurudumu. Ndani yake mna kigololi, na kwenye kigololi unatoka mkia. Mkia huo ni mnene juu na mwembamba chini, na tundu lake pia limechongwa hivyo hivyo. Ukiuingiza, chuma kinashika chuma, kikavu kwa kikavu. Hakuna kingine kinachouzuia usizunguke. Nati huja baadaye tu, kuuvuta ukae.

Nilitoa rotile ya zamani, nikasafisha tundu, nikaitwa kula. Mkwe hula peke yake ndani, kwa heshima. Ilikuwa ugali wa muhogo na mukeke, samaki wa ziwani. Nilionja mchuzi nikajua nani amepika, na chumvi ilikuwa sawasawa kabisa. Nilikula polepole.

Nikarudi, nikaingiza rotile mpya, nikaanza kukaza. Haikaziki. Nati inazunguka, na mkia nao unazunguka pamoja nayo. Nilijaribu kuushika kwa mkono, wapi! Nikaitoa. Mkia ulikuwa unang'aa kwa rangi ya chungwa.

"Niliipaka kidogo," alisema baba mkwe kwa furaha, kopo la mawese mkononi. "Ulipokuwa unakula. Isishike kutu."

Angekuwa mteja, wangenisikia mpaka sokoni Rumonge. Nilisema, "Asante, baba." Nikafuta mkia kwa kitambaa, kimya kimya, nikafuta na tundu. Nikageuka kutafuta spana iliyokuwa imebingirika chini ya pipa. Niliporudi, tundu linang'aa tena, na mzee anajifuta kidole kwenye suruali.

"Sasa itaingia muzuri," akasema.

Sijui ni nini kilinipata. Labda ni ule mchuzi.

"Baba, hapana!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa, ile ya garaji. "Samahani, lakini hapana. Mafuta yako ndiyo yanaizuia isikaze. Hii ikichomoka njiani, gurudumu moja litaelekea ziwani na lingine mlimani, na ndani ya gari atakuwa mtoto wako. Ondoa hilo kopo. Usiiguse tena mpaka nimalize."

Mkwe hasemi hivyo. Hata kuku waliona. Mzee alinitazama, akalitazama kopo lake, akaondoka nalo, akaenda kukaa kwenye kigoda upenuni, uso ameuelekeza kwenye michikichi. Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza. Nikajua nimeharibu kila kitu. Niliogopa kweli, nikarudi chini ya gari kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

Nikaosha tundu kwa petroli. Nikaosha mkia. Nikavikausha kwa kitambaa kipya, nikavisugua kwa msasa laini mpaka vidole vikakwama juu ya chuma badala ya kuteleza. Nati mpya ilikuwa ya ile aina yenye plastiki ndani, ambayo hung'ang'ania mkia na kuuzungusha. Nikaiweka kando, nikachukua ya kawaida ya kuvutia kwanza. Lakini kwa kazi hii lazima mtu aikandamize rotile kutoka juu ili mkia uzame, huku mwingine akikaza chini. Nilikuwa nimeupitisha mtaimbo: ncha chini ya chasisi, katikati juu ya kichwa cha rotile, na mwisho wake ukaning'inia nje, unangoja mkono. Mikono yangu yote iko chini kwenye nati. Na mzee nani angemwita sasa?

Nikaona kandambili za buluu. Nilizinunua mimi.

"Nibonyeze wapi?" mke wangu akauliza.

"Hapo mwisho."

Akaushika mtaimbo. Hakubonyeza.

"Kumbe unaweza kusema," akasema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Gari lisije likakuua."

Nilikuwa nauona mguu wake tu, kidole kikubwa kinakuna udongo, kama afanyavyo akiwaza.

"Na dada yako?"

"Nitamwambia."

"Hiyo nitamwambia naijua." Akachuchumaa, akachomoa simu kwenye mfuko wa shati langu, akatafuta, akapiga, akaweka sauti ya nje, akailaza simu chini karibu na sikio langu. "Sibonyezi mpaka useme."

Iliita. Nilikuwa nimelala chali, spana mkononi, tope mgongoni, sina pa kukimbilia.

"Mudogo wangu," dada akaitika. "Umekula?"

Mungu wangu, swali lile. Kambini aliniuliza hivyo kila jioni, hata siku alizojua hakukuwa na kitu.

"Nimekula, dada. Dada, sikiliza." Nikaigeukia simu. "Naomba urudi kwako. Nakupenda, wewe unajua. Lakini nyumba ile ni ya mke wangu, na jiko ni lake. Nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka mpakani."

Nikasikia masufuria yakiwekwa chini upande wa pili.

"Wewe mutoto wewe!" akasema dada. "Si nilikuomba njia? Nikikuomba unasema bado. Nikaomba tena, bado. Nikajua hamupatani, ndiyo maana unaogopa nikuache peke yako na mke wako. Nikakaa nikusaidie. Na wajukuu wangu wanaumwa huko, na mihogo yangu inaoza. Mizigo yangu imefungwa siku nyingi, iko chini ya kitanda."

Kidole cha mke wangu kilikuwa kimeacha kukuna udongo.

Kisha akainama mpaka uso wake ukaonekana chini ya gari, kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka nyumbani. Macho yalikuwa mekundu. Hakuniangalia mimi, aliiangalia simu.

"Wifi," akasema. "Usitoke kabla sijafika. Nitakupikia chakula cha safari."

"Haya," dada akajibu. "Lakini chumvi tia mwenyewe. Ile yangu ilikuzidi, niliona, nikaona aibu kusema."

Mke wangu akasimama. Akauegemea mtaimbo kwa uzito wake wote, mpaka springi za pikapu zikalia.

"Kaza," akasema.

Nikakaza. Nati ilizunguka, mkia ukatulia. Nikaitoa, nikaweka ile yenye plastiki, nayo ikapanda mpaka mwisho, mkia haukutikisika.

"Imekamata?" mzee akaita kutoka upenuni. Kumbe alikuwa anasikia yote.

"Imekamata, baba," mke wangu akajibu kabla yangu. "Ngoja nikafunge nguo zangu."